Mwongozo kamili: Kutaja miadi, ratiba na matukio kwa Kihispania bila kukosea saa

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kihispania nilimwandikia mwalimu: *La clase es a las dos*. Nilimaanisha saa mbili usiku. Sentensi haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Mwalimu akafika saa nane mchana, akasubiri, akaondoka.

Tangu hapo nimesahihisha mazoezi ya wanafunzi wengi, na wanaanguka palepale. Majina ya siku wanayajua, kuhesabu wanajua, lakini wakiambiwa wapange kikao cha Jumanne wanampeleka mtu kwa saa isiyo yake au siku isiyo yake. Msamiati haujawapungukia. Kinachowaangusha ni kwamba Kiswahili kinapanga muda kwa namna yake: saa, usiku, "mpaka", "mbele". Kwa hiyo kila hatua hapa inaanzia kwenye Kiswahili unachokisema kila siku, kisha inakuonyesha mahali pa kukata kona.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari, na ukurasa mmoja uliotengwa kwa ajili ya saa tu.
- Saa ya mishale. Kama huna, chora duara lenye namba 1 hadi 12.
- Ratiba yako halisi ya wiki hii, matukio saba hadi kumi: kazi, darasa, ibada, mazoezi, miadi ya daktari. Usitunge. Mambo yako mwenyewe utayataja tena wiki ijayo, na ijayo tena.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Ratiba moja iliyoandikwa kwa Kihispania na wenye lugha: ya treni, ya makumbusho au ya sherehe.

Programu ya kutafsiri iweke kando kwa hatua mbili za mwanzo. Ukiiandikia "saa tatu", inaweza kukurudishia *las tres*, na hilo ndilo kosa lenyewe tunalolikimbia.

Kuhusu matamshi, una bahati. Irabu tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu. *Ñ* ni "ny" ya "nyumba", kwa hiyo *mañana* ni "manyana". *H* haitamkwi: *hora* ni "ora". *J* inakaribia "kh" ya "kheri": *jueves* ni "khweves". Maneno mengi huwekwa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Yanayoishia kwa konsonanti isiyo *n* wala *s* hukazwa silabi ya mwisho. Yanayokiuka kanuni hizo huonyeshwa kwa alama: *miércoles*, *sábado*, *reunión*.

## Hatua ya 1: Geuza saa kabla hujafungua mdomo

Hapa kaa siku tatu, hata kama unaona umeelewa.

Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Kihispania huanza kuhesabu saa sita usiku na saa sita mchana. Tofauti ni saa sita, lakini usijizoeze kujumlisha wala kutoa, kwa sababu mazungumzo hayakungoji. Tazama saa ya mishale: namba ya Kihispania ndiyo inayokabiliana na yako upande wa pili wa duara. Jozi ni sita tu:

1 na 7. 2 na 8. 3 na 9. 4 na 10. 5 na 11. 6 na 12.

Saa tatu asubuhi ni *las nueve de la mañana*. Saa tisa alasiri ni *las tres de la tarde*. Saa mbili usiku ni *las ocho de la noche*. Saa sita mchana ni *las doce del mediodía*. Saa tisa usiku, watu wamelala, ni *las tres de la madrugada*.

Dakika hazibadiliki, na hapa Kiswahili kinakusaidia. Saa tatu na robo ni *las nueve y cuarto*. Saa tatu na nusu ni *las nueve y media*. Saa nne kasoro dakika tano ni *las diez menos cinco*, neno kwa neno kama tusemavyo. Hayo ya *menos* ndiyo ya Uhispania. Meksiko na nchi nyingi za Amerika ya Kusini utasikia *cinco para las diez*, na kasorobo yao ni *un cuarto para las diez*.

Tahadhari. Saa inageuzwa, muda haugeuzwi. "Mkutano utaanza saa mbili" unageuka kuwa *las ocho*. "Mkutano utachukua saa mbili" unabaki *dura dos horas*. Nimeona wanafunzi wakikesha na jozi zile sita, kisha wakatangaza mkutano wa saa nane mfululizo. Jiulize kwanza: hii ni saa ya ukutani au ni urefu wa jambo? Kadhalika, "baada ya saa moja" ni *dentro de una hora*, na wala haihusiani na *las siete*.

Jioni kuna utata kidogo. Uhispania, *tarde* hurefuka, na *las ocho de la tarde* ni kauli ya kawaida kabisa. Kwingine saa hiyohiyo ni *de la noche*. Ushauri wangu: tumia *tarde* mpaka saa kumi na mbili jioni, halafu *noche*. Utaeleweka kote.

Utajua umeiva pale mtu akikutajia saa yoyote kwa Kiswahili nawe ukajibu kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Ukiona bado unahesabu kwa vidole, rudia kesho.

## Hatua ya 2: Tenganisha "ni saa ngapi sasa" na "ni saa ngapi jambo litafanyika"

*Son las nueve* maana yake sasa hivi ni saa tatu. *Es a las nueve* maana yake jambo fulani litafanyika saa tatu. Kiswahili hakituhimizi kutofautisha: "Saa ngapi?" unaweza kuuliza ukitaka kujua wakati uliopo, na unaweza kuuliza ukitaka kujua lini tutakutana. Kihispania kina maswali mawili:

- *¿Qué hora es?* Sasa ni saa ngapi?
- *¿A qué hora es la reunión?* Mkutano ni saa ngapi?

Siri ni ile *a* ndogo. Ikiwepo kwenye swali, lazima iwepo kwenye jibu. *¿A qué hora es? A las nueve.* Mwenye kujibu *son las nueve* amemwambia mwenzake saa ya sasa, na mwenzake atabaki akingoja jibu.

Saa saba peke yake ni ya umoja: *es la una*, *a la una*. Nyingine zote ni *las*.

Ukitaka kusema "saa tatu kamili", ongeza *en punto*. "Kama saa tatu hivi" ni *a eso de las nueve*. Na angalia *de* na *por*: ukitaja saa unasema *a las nueve de la mañana*, usipoitaja unasema *por la mañana*, au *en la mañana* huko Amerika ya Kusini. Ndiyo maana "kesho asubuhi" ni *mañana por la mañana*, neno moja mara mbili kwa maana mbili.

## Hatua ya 3: Siku, tarehe na ule usiku unaopotosha

Kwa lugha ya Kiswahili, Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu. Kalenda ya Kihispania huanza na *lunes*, ambayo ni Jumatatu. Usijaribu kuzihesabu. Zishike jozi kwa jozi: Jumatatu *lunes*, Jumanne *martes*, Jumatano *miércoles*, Alhamisi *jueves*, Ijumaa *viernes*, Jumamosi *sábado*, Jumapili *domingo*. Huandikwa kwa herufi ndogo, miezi pia.

Kabla ya siku usiweke *en*. Weka *el* au *los*, na tofauti yake ni kubwa:

- *La reunión es el lunes.* Mkutano ni Jumatatu, hii moja.
- *La reunión es los lunes.* Mkutano huwa kila Jumatatu.

Kiambishi chetu "hu-" ndicho kipimo. Kama kwa Kiswahili ungesema "hufanyika", tumia *los*.

Tarehe nayo hutanguliwa na *el*: *el 6 de julio*. Mwezi peke yake ndio huchukua *en*: *en julio*. Tarehe mosi ni *el uno de mayo* Uhispania, na *el primero de mayo* zaidi Amerika ya Kusini. Epuka *el próximo martes* pale siku zinapokuwa karibu, kwa sababu hubishaniwa kama "Jumanne ijayo" inavyobishaniwa kwetu. Sema *el martes 14* na ubishi umekwisha.

Sasa usiku. Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua likizama, na bado wako watu wanaosema "usiku wa Jumapili" wakimaanisha ule unaoitangulia Jumapili. Kihispania hakina hesabu hiyo: *la noche del domingo* ni baada ya jua la Jumapili kuzama. Mfano mzuri uko Meksiko. Kumbukumbu ya uhuru ni tarehe 16 Septemba, lakini rais hupiga mwito wake wa *El Grito* *la noche del 15 de septiembre*. Sisi tungesema "usiku wa kuamkia tarehe 16", na mwanafunzi anayetafsiri kwa pupa huandika 16, akachelewa siku nzima.

Kanuni ni hii: ukisema "usiku wa kuamkia" siku fulani, kwa Kihispania taja siku inayotangulia. Saa zilizopita saa sita usiku ndizo huitwa kwa siku mpya: *la madrugada del domingo*.

## Hatua ya 4: Mahali pa tukio

"Mkutano uko wapi?" Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*. Kwa sababu ya "uko", kila mwanafunzi hukimbilia *estar*: *¿Dónde está la reunión?* Tukio halikai mahali, linafanyika mahali. Kihispania kwa tukio hutumia *ser*: *¿Dónde es la reunión? Es en la sala 2.*

Kipimo: weka "litafanyika" katika sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali, ni *ser*. Ikikataa, ni *estar*.

Neno *examen* linaonyesha vizuri. *El examen es en el aula 4*: mtihani utafanyika chumba namba 4. *El examen está en la mesa*: karatasi ya mtihani ipo mezani. Sema zote mbili kwa sauti, ukiwaza watu waliokaa chumbani na kisha karatasi iliyolala juu ya meza.

## Hatua ya 5: Vitenzi vya ratiba

Jambo likiwa limeshapangwa, Kihispania hutumia wakati uliopo hata kama litatokea mwezi ujao. *El tren sale mañana a las ocho.* Huhitaji njeo ya wakati ujao hapa. Shika vichache: *empieza* (inaanza), *termina* (inakwisha), *sale* (inaondoka), *llega* (inafika), *abre* (inafunguliwa), *cierra* (inafungwa), *dura* (inachukua muda).

Katika matangazo rasmi utakutana na *se celebra*, "hufanyika", bila lazima ya kuwa na sherehe. Pia *está previsto para*, "imepangwa kufanyika".

Kigumu ni *cuando*. Kwa kuwa tunasema "darasa litakapokwisha", mwanafunzi huandika *cuando terminará la clase*. Si sahihi. Jambo ambalo bado halijatokea, baada ya *cuando*, huchukua umbo jingine la kitenzi:

- Darasa linapokwisha huenda maktaba. *Cuando termina la clase, voy a la biblioteca.*
- Darasa litakapokwisha nitakupigia. *Cuando termine la clase, te llamo.*

"-napo-" ni *termina*, "-takapo-" ni *termine*. Ukiwa na kipimo hiki huhitaji kurasa kumi za sarufi. Maumbo ya kuanzia: *empiece, termine, llegue, salga, abra, cierre*. Kipimo hiki hakihusu swali lenye alama, *¿Cuándo termina la clase?*, ambalo hubaki na umbo la kawaida.

## Hatua ya 6: "Mpaka" zina njia mbili

"Niletee ripoti mpaka Ijumaa" na "Nitakuwepo mpaka Ijumaa" si jambo moja. La kwanza ni mwisho wa muda wa kukamilisha kitu, nalo ni *para*: *Lo necesito para el viernes*. La pili ni hali inayoendelea hadi ikome, nayo ni *hasta*: *Estoy aquí hasta el viernes*. Ukikazia siku ya mwisho, tumia *a más tardar el viernes*, si zaidi ya Ijumaa.

"Kuanzia... hadi" ni *de nueve a once* au *desde las nueve hasta las once*. Ona kwamba *de... a* inaweza kudondosha *las*, lakini *desde... hasta* huibakiza.

Usidanganyike na *quince días*. Ni wiki mbili, siku 14, si siku 15 za kuhesabu moja moja. Mtu akisema *cada quince días* kuanzia Jumatatu, Jumatatu ya pili baada ya hiyo ndiyo siku yenyewe. Vivyo hivyo *ocho días* mara nyingi ni wiki moja.

## Hatua ya 7: Panga, thibitisha, sogeza

Uhispania, kupanga kukutana ni *quedar*: *¿Quedamos a las siete?* Amerika ya Kusini *¿Nos vemos a las siete?* hufaa zaidi. Kuuliza kama siku inamfaa mtu: *¿Te viene bien el martes?* au *¿Te queda bien el martes?* Kwa mtu wa kuheshimiwa, au ofisini, badili *te* iwe *le*.

Miadi ya daktari ni *cita*, na Argentina ni *turno*. *Cita* pia ni miadi ya wapenzi, kwa hiyo taja ni ya nani: *tengo cita con la doctora*. Ukibanwa na jambo jingine, *ya tengo otro compromiso* inatosha, hakuna atakayekuuliza zaidi. Kuhudhuria ni *asistir a*.

Siku moja kabla, uliza *¿Sigue en pie lo de mañana?*, yaani mpango wa kesho bado upo? Naipenda sana kauli hii: ni fupi, ina adabu, na inaokoa safari za bure.

Tahadhari kubwa ya hatua hii. Tukisema mkutano "umesogezwa mbele", wengi wetu tunamaanisha umeahirishwa. *Adelante* ni "mbele", kwa hiyo mwanafunzi hukamata *adelantar*. Maana yake ni kinyume chake: kuwahisha. *Han adelantado la reunión una hora*: ilikuwa saa nne, sasa ni saa tatu. Ukifika kwa hesabu yako ya "mbele" utakuta wanafunga milango. Kuahirisha ni *aplazar* au *posponer*: *Han aplazado la reunión al jueves*. Kufuta ni *cancelar*.

## Hatua ya 8: Soma ratiba halisi

Maandishi hutumia saa 24. Kuanzia 7:00 hadi 18:00 toa 6: 13:00 ni saa saba mchana. Kuanzia 19:00 toa 18: 20:00 ni saa mbili usiku. Kuanzia 1:00 hadi 6:00 jumlisha 6.

Chukua makumbusho ya Museo del Prado, Madrid: *de lunes a sábado de 10:00 a 20:00, domingos y festivos de 10:00 a 19:00*. Hufunguliwa saa nne asubuhi, hufungwa saa mbili usiku, ila Jumapili na sikukuu ni saa moja. *Festivo* ni sikukuu, ambayo Amerika ya Kusini huitwa *feriado*, na kinyume chake ni *laborable*. Kwenye ratiba za Uhispania siku hufupishwa *L M X J V S D*. *X* ni *miércoles*, ili isigongane na *martes*.

Kisha sherehe ya San Fermín, mjini Pamplona, Uhispania. *Empieza el 6 de julio a las doce del mediodía. Los encierros son del 7 al 14 de julio, a las ocho de la mañana.* Kwa hiyo ng'ombe hukimbizwa saa mbili asubuhi, siku nane mfululizo. Na La Tomatina, sherehe ya kurushiana nyanya mjini Buñol: *es el último miércoles de agosto*. Funika Kiswahili, tafsiri. Funika Kihispania, rudisha.

## Jipime

Chukua ratiba yako ya wiki. Kwa kila tukio jirekodi sentensi tatu: lini, wapi, litachukua muda gani. Sikiliza kesho yake huku umeshika ratiba, ukiandika saa unazozisikia kwa Kiswahili. Zikilingana zote, umefika. Zikipishana kwa saa sita, rudi hatua ya 1. Zikipishana kwa siku moja, rudi hatua ya 3, kwenye usiku.

Halafu mtumie mtu ujumbe kama huu:

*Hola. La reunión es el martes 14 a las nueve de la mañana en la sala 2. Dura dos horas. Necesito tu informe para el lunes. Cuando termine, te llamo. ¿Te viene bien?*

Habari. Mkutano ni Jumanne tarehe 14, saa tatu asubuhi, chumba namba 2. Utachukua saa mbili. Naihitaji ripoti yako kabla Jumatatu haijaisha. Utakapokwisha nitakupigia. Inakufaa?

Akijibu *sí, a las nueve* na wewe ukaandika "saa tatu" kwenye daftari bila kutazama mishale, wiki ijayo panga mkutano wenyewe.